Ulikuwa Unanisikiliza au Unarekodi?

Jumapili hiyo Kalamu alijua mambo yameharibika alipoona wanakwaya wamejikusanya nyuma ya basi dogo la kanisa, vichwa vimeinamia simu moja, na hakuna hata mmoja aliyemwita aje aone.

Siku nyingine walikuwa wakimwita. Yeye ndiye aliyechora picha za video zile, na kila mtu pale alilijua hilo, ingawa baba yake, mchungaji wa kanisa lenyewe, alijifanya halijui. Mchana binti huyu alifanya kazi kwenye duka la uchapaji, akisanifu kadi za harusi na mabango. Jioni alichora vibonzo: Yona kabeba sanduku la safari, anamuuliza nahodha ni meli gani inakwenda mbali zaidi na Mungu; Goliathi kafunga kitambaa cha unahodha mkononi. Juu ya picha hizo ilipita sauti ya kijana aliyetangaza mpira redioni mwisho wa wiki na kuuza vipuri vya pikipiki siku za kazi. Wasikilizaji walimpa jina la Kipenga, nalo likamganda.

Kipenga aliyatangaza maandiko kama anavyotangaza mechi, kwa pumzi ileile na mbwembwe zilezile, kisha mwishoni akashusha sauti na kusema maneno machache ya kawaida kuhusu Mungu, kama mtu anayemwambia rafiki yake jambo wakiwa mezani. Kipindi chao walikiita Neno Uwanjani. Kuna walinzi waliokisikiliza wakiwa zamu getini, na wasichana wa saluni, na watu walioandika kwamba mara ya mwisho kuingia kanisani ilikuwa kwenye harusi ya mtu mwingine. Kuna pia waliotukana na kusema Neno la Mungu linachezewa. Kipenga aliwajibu wote kwa adabu, na hilo ndilo lililokuwa jambo la kwanza Kalamu kulipenda kwake. Mengine yalifuata polepole, na kwa sasa yalikuwa mengi kuliko alivyotaka kukiri.

"Kuna nini?" aliuliza.

"Hakuna kitu, dada," alisema msichana wa sauti ya kwanza, akiificha simu kifuani.

"Nipe niangalie."

Ilikuwa video ya mwana mpotevu, iliyotoka jana yake. Picha alizichora mwenyewe, lakini sauti alikuwa hajaisikia, kwa sababu mara nyingi Kipenga alirekodi akishakabidhiwa michoro. Kalamu akasogeza simu sikioni.

"Hali si shwari sebuleni, mtazamaji," ilisema ile sauti aliyoizoea. "Mzee amesimama. Mzee anaingiza mkono mfukoni, na hiyo ni kadi nyekundu. Anamwambia kijana, ukivuka kizingiti hiki, kinanda kile usikiguse tena maishani."

Kwenye maandiko hakuna kinanda. Kinanda kilikuwa kwao.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyekipiga, kila Jumapili, mpaka alipoanza kupiga pia na bendi ya dansi hotelini. Baba yao hakutaka kusikia. Siku ya siku wakasimama wawili sebuleni, maneno yale yakasemwa, na kijana akavuka kizingiti na begi moja begani. Kinanda kikapelekwa stoo, kikafunikwa shuka. Tangu siku hiyo jina la kaka halikutajwa mezani. Waumini walijua tu kwamba mpiga kinanda ameondoka. Namna alivyoondoka ilijulikana ndani ya kuta za nyumba ile, na kwa mtu mmoja wa nje ambaye Kalamu alimsimulia kwa kinywa chake, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya duka la shangazi, machozi yakimtoka.

Alirudisha simu. Kule mlangoni baba yake alikuwa akiwaaga waumini, na kila aliyepita aliushika mkono wake kwa muda mrefu kuliko kawaida, kama msibani. Mchungaji hakuwa mtoto. Alimtazama binti yake juu ya mabega ya watu, mara moja tu, kisha akaendelea kuaga.

*

Kesho yake alipotoka kazini alikwenda moja kwa moja dukani kwa shangazi yake.

Shangazi alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa Mchungaji, na mtu pekee duniani aliyemwita Mchungaji "mdogo wangu" hata mbele ya wazee wa kanisa. Chumba cha nyuma alichohifadhia majora ya vitambaa ndicho alichowapa vijana hao warekodie, kwa sababu vitambaa humeza mwangwi. Ilibidi tu akubaliane nao kwamba wakiwa kazini cherehani isimame, na wao wakubali kwamba mteja akija, cherehani ndiyo bosi.

"Yumo?" Kalamu aliuliza.

"Na salamu?" Shangazi alimtazama juu ya miwani. Alivyomwona uso, akaondoa mguu kwenye cherehani. "Yumo. Mimi nakwenda kununua nyuzi."

"Nyuzi unazo, Shangazi."

"Nakwenda kununua nyingine."

Kipenga alikuwa amekaa kwenye kigoda kati ya majora, vifaa vya kusikilizia vimemkaa shingoni. Alimwona, akatabasamu, halafu tabasamu likakwama njiani. Walijuana sana, kila mmoja aliusoma uso wa mwenzake kama kibao cha dukani.

"Umeiona," alisema.

"Nimeoneshwa. Nyuma ya basi la kanisa, na watu walioona aibu kuniangalia."

"Kaa kwanza."

"Sikai."

Alivua vifaa shingoni na kuviweka chini taratibu. "Nilitaka kukwambia kabla haijatoka. Nikajua utakataa."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Kalamu alikuwa amejiandaa kwa visingizio, na kijana hakumpa hata kimoja. Hasira ikakosa pa kushika, ikazidi.

"Yale maneno ya baba yangu uliyatoa wapi?"

"Kwako."

"Nilikupa ukayatangaze?"

"Hapana. Lakini nisikilize. Kaka yako yuko mahali fulani, ana simu. Mtu wa bendi lazima ana simu. Kila wiki tunatuma sauti kwa watu tusiowajua, nikawaza, kwa nini mara moja tusitume kwa mtu tunayemjua? Nikitaja kinanda, wengine watacheka, ila yeye atajua ni yeye anayeitwa. Nilimwekea alama, basi."

"Kaka yangu si samaki wa kuwekewa chambo," Kalamu alisema. "Na mimi si chambo. Umemtangaza baba yangu mbele ya kanisa lake. Watu wanamshika mkono kama aliyefiwa."

"Sikumtaja jina."

"Hukumtaja jina. Ulitaja kinanda, ulitaja kizingiti, ukabakiza namba ya nyumba tu."

Kipenga aliinamisha uso. Alikuwa na mikono mikubwa yenye alama za grisi zisizotoka kwa sabuni, na sasa hakujua pa kuiweka. Siku nyingine Kalamu angeitazama mikono hiyo na kusahau alichotaka kusema. Leo alijikaza.

"Nina swali moja," alisema. "Ile siku kwenye ngazi. Nilikuwa nalia, na ulikuwa umenishika bega. Ulikuwa unanisikiliza au ulikuwa unarekodi?"

Kalamu alitamani, kwa moyo wote, aseme alikuwa anasikiliza tu. Hata kama ni uongo, angeupokea.

"Vyote viwili," alisema Kipenga. "Nilikuwa nakusikiliza, na moyo uliniuma. Halafu kuna sehemu ya kichwa changu ambayo haizimi. Ilisema, hii ni hadithi. Sikuipenda, lakini ilisema."

"Asante kwa kusema ukweli."

"Kalamu..."

"Tafuta mchoraji mwingine."

"Sitaki mchoraji mwingine. Na unajua siongelei michoro."

Alijua. Miezi mingi alikuwa akilijua. Mara mbili kijana huyu aliomba kufika nyumbani ajitambulishe, na mara mbili Mchungaji alisema ana kazi nyingi. "Mtu anayepiga kelele mbele ya kipaza sauti," alimwambia binti yake, "nyumbani ataongea kwa sauti gani?" Kalamu alimtetea mpaka akakaukiwa mate. Alisema ni mtu mpole, ni mtu anayejua mipaka. Maneno hayo sasa yalimrudia kama nguo iliyokataliwa na mteja.

"Mimi nilikupa kitu nilichokuwa sijampa mtu," alisema. "Ulichotakiwa kufanya ni kukaa nacho tu."

Akatoka. Mlangoni alipishana na Shangazi, ambaye hakuwa amekwenda popote, na mkononi hakuwa na uzi hata mmoja.

*

Nyumbani hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililomtesa. Mchungaji alikula, akauliza habari za kazi, akasema mboga ina chumvi ya kutosha. Mama yake alikuwa amekwenda kumuuguza mdogo wake, kwa hiyo walikuwa wawili tu mezani, na kiti cha tatu na cha nne viliwatazama.

"Baba, kuhusu ile video," alijaribu.

"Kula, mwanangu."

"Mimi ndiye niliyemwambia yule kijana. Alikosea kuitoa, ila mimi ndiye niliyesema."

"Nimesema kula."

Siku zikapita hivyo. Kazini alikosea tarehe kwenye kadi za harusi za watu, akazirudia. Simu yake ilikuwa kimya. Alikuwa amejiandaa kutojibu ujumbe wa Kipenga, na ujumbe wenyewe haukuja, na hapo ndipo alipotambua kwamba kutojibu kunahitaji mtu wa kukutafuta. Alimkumbuka kwa vitu vidogo: namna alivyofunga macho kabla ya kuanza kurekodi, namna alivyosema "samahani, Shangazi" kila cherehani iliposimama kwa ajili yake. Alipita barabara ya mbali ili asipite kwenye vipuri vya pikipiki, halafu siku nyingine akapita palepale makusudi, akakuta mtu mwingine kaunta.

Mwishowe alikwenda dukani kwa kisingizio cha sketi ya kupunguza.

"Sketi hii inakutosha," Shangazi alisema baada ya kuitazama. "Ulichokuja kuuliza uliza."

"Anakuja kurekodi?"

"Anakuja, anakaa, anaondoka. Juzi alinisaidia kupanga majora kwa rangi. Chumba hakijawahi kupendeza hivyo, na mimi sikioni tena kitambaa changu hata kimoja." Aliuma uzi kwa meno. "Unajua ameifuta?"

"Ameifuta nini?"

"Hiyo video. Siku ileile mliyokwaruzana. Hukuwa hata umefika barabarani. Nilisimama hapo mlangoni nikimwona anabonyeza."

Kwa siku mbili tu ilizokaa mtandaoni, ile ndiyo video iliyotazamwa kuliko zote walizowahi kutoa. Wanakwaya walikuwa wakisema watu wanaandika chini yake kwamba wamepiga simu nyumbani, kwamba wamezungumza na baba zao. Mtu wa mtandaoni hafuti kitu kama hicho. Ni kama fundi kuichoma nguo anayosifiwa nayo.

"Hakuniambia."

"Angekwambia ungedhani anadai asante," Shangazi alisema. "Mimi simtetei. Alikosea na anastahili hicho kigoda alichokalia. Nakueleza tu nilichokiona."

*

Mchungaji ndiye aliyevunja ukimya. Kalamu alikuwa akipiga pasi sebuleni, baba yake akaingia na simu mkononi, ameinyoosha mbele kama mtu asiyeiamini.

"Ile video ya mwana mpotevu iko wapi?"

Pasi ilisimama juu ya kola. "Imefutwa, Baba."

"Nani aliyeifuta?"

"Yeye mwenyewe. Nilimwambia alichofanya si sawa."

"Hakikuwa sawa," alikubali Mchungaji. Akakaa kwenye kiti chake, akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Lakini sikuwa nimemaliza kuiangalia. Nilifika pale mzee anapotoka nje, nikaizima. Jana nimeitafuta, sikuiona. Toa hiyo pasi, utaunguza."

Kalamu akaiinua pasi. Kola ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Anasemaje pale mbele?" baba yake aliuliza. "Wewe ulichora. Unakumbuka?"

"Anasema mzee anamwona kijana kwa mbali. Anasema mzee anakimbia. Anawaambia watazamaji wamwangalie, umri ule, kanzu kaishika mkononi, anakimbia mbele za majirani."

"Ndiyo." Mchungaji alivaa miwani. "Kanisani walinitazama kama mimi ndiye yule mzee. Mama mmoja aliniambia, Mchungaji, tumebarikiwa kuona moyo wako. Nikamjibu amina. Habari ile nimeihubiri sijui mara ngapi, mwanangu, na kila nikifika pale baba anapokimbia huwa napaharakisha. Mimi sikukimbia. Nilikaa hapahapa kwenye kiti hiki, nikasikia geti linafungwa."

Hakuwahi kumsikia baba yake akizungumza hivyo. Alitaka kwenda kumshika, lakini nyumba yao haikuwa nyumba ya kushikana.

"Huyo kijana hurekodia kwa dada yangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Kesho ukitoka kazini nipitie. Twende."

*

Kipenga aliposikia sauti ya Mchungaji dukani alisimama haraka mpaka jora moja likaanguka. Kalamu akaliona tukio lote kutoka mlangoni: kijana anaokota kitambaa, anakosa pa kukiweka, anakikumbatia kama mtoto.

"Shikamoo, Mchungaji."

Shangazi alikohoa.

"Marahaba," alisema Mchungaji. Aliangalia majora yaliyopangwa kwa rangi, godoro lililoegeshwa ukutani, kipaza sauti kilichovalishwa soksi. "Kwa hiyo ni hapa."

"Ni hapa. Mchungaji, nimekukosea. Nilichukua jambo la nyumbani kwako nikalipeleka sokoni. Sina la kujitetea, naomba radhi."

"Uliyemkosea ni binti yangu," Mchungaji alisema. "Mimi hukunikosea. Mimi ulinipendelea."

Kipenga alimtazama Kalamu, hakuelewa. Ilikuwa mara ya kwanza macho yao kukutana tangu siku ile. Kalamu akakusudia kuyakwepesha, akashindwa. Kijana alikuwa amekonda kidogo, au pengine ni mwanga. Kalamu mwenyewe hakujua uso wake ulionesha nini, ila aliona mabega ya kijana yakishuka kama aliyetuliwa mzigo.

"Nataka kusahihisha," Mchungaji aliendelea. "Yule baba wa kwenye maandiko alikimbia. Watu wasidhani ni mimi. Kifaa hiki kinawashwa vipi?"

Walimkalisha kwenye kigoda. Kipenga akamshushia kipaza sauti kwa uangalifu, akimweleza asiking'ate na asikikimbie. Shangazi akafunga mlango wa duka, mteja aliyekuwa akipapasa kitambaa nje akaambiwa arudi baadaye, na siku hiyo cherehani haikuwa bosi.

"Nizungumze kwa sauti gani? Hii yako ya mpira siiwezi."

"Ya kwako, Mchungaji."

Mchungaji alijikohoza. "Wapendwa katika Bwana, tunapotafakari neno la leo, tunaona..."

"Samahani, Mchungaji." Kipenga alisimamisha kurekodi. Hakuna aliyewahi kumkatiza baba yake akiwa katikati ya neno. "Hapa hakuna wapendwa wengi. Yuko mmoja. Ana simu mkononi, labda yuko kwenye basi, labda kajilaza. Wewe mwambie yeye."

Mchungaji alimtazama kijana kwa muda. Kisha akakitazama kipaza sauti, na Kalamu akaona midomo ya baba yake inatafuta namna ya kuanza.

"Mwanangu," alisema. "Ni baba yako. Sijui uko wapi, kwa hiyo nasema hapa, kwenye hiki kitu cha rafiki wa dada yako. Nilikwambia usiguse kinanda. Kiko stoo. Mama yako hubadilisha shuka lake kila mara, anadhani sioni. Sijui kama bado kinalia vizuri. Nilidhani nalinda nyumba ya Mungu, na hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, na bado sijaubadilisha msimamo wangu kuhusu hizo bendi zako, nisikudanganye. Lakini siku ulipotoka nilitakiwa kukimbia nikufuate getini. Nilikaa. Nimekaa mpaka leo. Sasa magoti yananiuma, kukimbia sitaweza. Nitatembea. Niambie tu uko upande gani."

Shangazi alikuwa amegeukia majora, anakagua kitambaa kwa vidole, na mabega yanamtikisika.

"Imetosha?" Mchungaji aliuliza.

"Imetosha," alisema Kipenga.

"Inakwenda wapi sasa?"

"Kwa watu wote."

"Mimi nataka iende kwa mmoja."

"Hatujui anwani ya huyo mmoja, Mchungaji. Tukiiweka kwa wote, na yeye yumo."

Mchungaji aliwaza, kisha akatikisa kichwa kukubali. Lakini Kipenga hakubonyeza kitu. Aligeuka.

"Kalamu. Niiweke?"

"Muulize mwenye sauti. Kashakubali."

"Yeye nimeshamuuliza. Wewe pia ni nyumbani kwako. Ukisema hapana naifuta sasa hivi, na sitakununia."

Baba yake alikuwa anawatazama wote wawili, kwanza mmoja, halafu mwingine, kama mtu aliyekuja kununua kitu kimoja dukani akaona kingine. Kalamu alihisi uso unapata moto.

"Iweke," alisema. "Bila kipenga, bila mbwembwe. Nitachora picha moja tu."

Akachora palepale, mgongo kauegemeza kwenye majora, Kipenga amekaa chini karibu naye akingoja. Alichora geti liko wazi na kiti kitupu nje yake. Walipoinamia skrini pamoja bega lake liligusa bega la kijana, na hakuna aliyelisogeza.

"Sijakusamehe bado," alinong'ona.

"Najua."

"Ila naelekea huko."

"Nitakusubiri. Sina haraka."

*

Video ile haikutazamwa kama zile nyingine. Haikuchekesha, na mtandao una haraka zake. Hata hivyo waliofika mwisho waliandika maneno marefu. Baadhi walikuwa akina baba, watu ambao Neno Uwanjani halikuwahi kuwapata.

Siku kadhaa baadaye, Kalamu akiwa kazini anapanga herufi za dhahabu kwenye kadi, simu ikatetemeka. Namba hakuijua. Ujumbe ulikuwa mfupi.

"Mwambie Baba asitembee na hayo magoti. Nakuja mwenyewe."

Aliusoma amesimama, halafu amekaa. Akaomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa miguu kwa sababu hakuweza kungoja gari. Baba yake alikuwa sebuleni na Biblia, Mama, aliyekuwa amerudi, akimenya kitu jikoni. Kalamu akamkabidhi simu bila neno. Mchungaji aliusoma ujumbe, akausoma tena. Akainuka, akaelekea stoo, na wale wawili wakasikia vitu vinasogezwa, ndoo zinaanguka, kisha noti moja ya kinanda, imefifia kidogo, lakini ni noti.

Mama aliweka kisu chini na kujifuta mikono kwenye khanga. Alikwenda hukohuko stoo.

Mchungaji aliporudi alikuwa na vumbi kwenye nyusi. "Amesema anakuja lini?"

"Nimemuuliza, Baba. Anasema Jumamosi."

"Basi Jumamosi." Alijipangusa vumbi, akajifanya anatafuta miwani iliyokuwa usoni kwake. "Na yule kijana mwingine, yule wa kipaza sauti. Bado anataka kuja kujitambulisha?"

"Sijui. Uliwahi kumwambia una kazi nyingi."

"Jumamosi sina kazi. Mwambie aje. Ila akiacha hicho chombo chake nyumbani nitashukuru."

Kalamu alitoka nje uani kupiga simu. Kipenga alipokea kabla mlio haujaisha. Alimsomea ujumbe wa kaka yake, kisha akamweleza alichosema Mchungaji, neno kwa neno, bila kuongeza lake. Upande wa pili Kalamu alisikia pikipiki inawashwa, mteja anauliza kitu, na mtu aliyezoea kuongea bila kupumua hajibu.

"Uko hewani?" aliuliza.

"Niko."

"Mbona husemi?"

"Nakusikiliza," alisema Kipenga. "Safari hii nakusikiliza tu. Sema tena."

Kalamu akaegemea ukuta wenye joto la jua, akamsimulia tena tangu mwanzo.